Nilisema "Mzuri", Sikusema "Mwema"

Kosa ni langu, wala sitamsingizia shetani. Mdomo uliosema ni huu huu nilio nao.

Huku Karagwe mimi nilikuwa mtu wa kuitwa. Pombe ya ndizi ikiiva, "Mwiteni yule mama aonje." Mkeka ukisukwa, nipitishe kidole niseme umekaza au umelegea. Nikisema safi, ni safi. Nikisema hovyo, mwenyewe anaficha uso. Sifa zile zilinilevya kuliko pombe yenyewe, jamani!

Basi akaja mchumba wa Koku, binti wa kaka yangu. Koku si jina lake, nalificha. Bwana alitoka upande wa Kaisho, ana shamba la kahawa, ana baiskeli. Kwetu shangazi ndiye anayetumwa kuitazama nyumba kabla watu hawajakubaliana. Nikatumwa mimi. Nani mwingine mwenye jicho?

Nilipokelewa, wee! Nyasi mpya zimetandikwa sakafuni, ndizi zimepikwa na maharage mpaka zinalainika zenyewe. Bwana akapiga goti, "Shikamoo, shangazi," meno meupe, kanzu imenyooka. Moyo ukanikunjuka.

Lakini niliona na jingine. Mama yake, kila nikimwuliza neno, anamtazama mwanawe kwanza ndipo anajibu. Hata nilipouliza kama mvua imenyesha! Nikamwuliza, "Mama, mwanao ni mtu wa namna gani?" Akamtazama. Akasema kwa Kinyambo, "Ni murungi." Kisha akainama, akaanza kupangapanga nyasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Nisikilizeni hapa, maana dhambi yangu imelala ndani ya neno hilo. Kwa Kinyambo, murungi ni mzuri wa sura, na murungi huyo huyo ni mwema wa moyo. Neno moja. Lakini mimi nilijifunza Kiswahili katika darasa la ubatizo, nikajua kuwa mzuri ni mbali na mwema ni mbali. Nilijua! Nilijua kabisa kuwa yule mama amejificha nyuma ya lile neno.

Nikaogopa kuharibu. Shamba zuri, chakula kizuri, nami nimepewa blanketi jipya la kurudi nalo. Kaka aliponiuliza, "Mtu mwenyewe je?" nikajibu, "Murungi." Nilidanganya? Meno yake yalikuwa mazuri kweli! Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga.

Koku akaolewa. Maharage ya msimu ule hayajavunwa, akarudi kwetu Kanoni jicho limevimba. Akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa upole tu, "Shangazi, ulimwonaje yule mtu?"

Afadhali angenitukana!

Kaka hakutaka kusikia. Ng'ombe wa mahari alishawatoa kumwoza mwanawe wa kiume. "Si wewe uliyesema murungi? Basi mrudishe mwenyewe."

Ningesema nini? Nikisema niliona tangu siku ile, nitaitwa muuza mtoto. Nikinyamaza, nampeleka kwenye kipigo. Nikamshika mkono, nikamrudisha. Na kila akikimbia, anayemrudisha ni mimi. Tunatembea, yeye mbele mimi nyuma. Njia ya Kaisho imenichosha roho, si miguu.

Safari ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Tulimkuta mgeni, mama mmoja mwenye adabu zake, shangazi wa watu kama mimi. Ametumwa kuitazama nyumba ile ile, maana mdogo wake yule bwana naye anatafuta mke. Huyo mdogo nimemwona kwa macho haya akimsukuma mama yao mpaka akaangukia mafiga.

Nyasi mpya zimetandikwa. Ndizi zimepikwa. Mgeni akamwuliza Koku, "Mwanangu, shemeji yako ni mtu wa namna gani?"

Koku akamtazama mumewe kwanza. Akasema, "Ni murungi." Kisha akainama, akaanza kupangapanga nyasi.

Mungu wangu!

Mgeni akanigeukia. "Nawe mwenzangu, wasemaje?"

Bwana akaniangalia, anatabasamu kwa meno yale yale. Nikisema kweli, mimi nitaondoka, Koku atabaki. Nikafungua mdomo. Mimi, mtu wa kuitwa, mwenye jicho!

Nikasema, "Chakula ni kitamu sana."

Ndugu zangu mnaotumwa kutazama nyumba za watu, msiridhike na neno zuri. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mamaye mtu muulizeni huko kisimani, mwanawe akiwa hayupo. Na mkiona kitu, semeni siku hiyo hiyo, kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Baadaye hamtaweza. Mimi siwezi hata leo, ndiyo maana jina langu silitaji.

Nawe dada uliyeniuliza nikakujibu habari ya chakula, unajijua. Gazeti hili wanalisoma kwa sauti baada ya ibada, litakufikia. Harusi bado. Uliniuliza wasemaje, basi nasema sasa. Kijana yule ni mzuri. Mwema siye. Usimtoe mtoto.