Tumbako ya Ethuro

Ethuro, dereva wa lori la kanisa, hakuvuta tumbako wala hakuitafuna. Lakini kwa miaka sita nilimwona akibeba fungu la tumbako pale mbele ya usukani, na likikauka alinunua jingine. Mimi nilikuwa karani wa stoo ya kanisa Kakuma, ndiye niliyepokea magunia yake kila Jumanne kutoka Lodwar, na nilidhani mzee amerukwa na akili kidogo.

Jina langu ni Dau. Nilikimbia vita Sudan nikafika kambini mwaka 1992, na jambo la kwanza lililoniudhi kwa Waturkana ni kuombwa. Husalimiwi "ejok" ila mkono umeshanyooshwa: nipe tumbako, nipe sukari, nipe hiyo shati. Niliwaona watu wasio na haya. Siku moja tukiwa tumekaa juu ya magunia, Ethuro akanifumbua macho.

"Dau, mtu akikuomba, jua yeye anakuona wewe mtu wake. Yule mwenye hakuombi kitu, huyo amekutoa kwa roho."

Alisema hivyo akimtazama mama mmoja langoni, na hapo nikaelewa tumbako ile ilikuwa ya nani.

Mama huyo ni Akeno, muuza makaa. Mwaka 1993 alisimama kando ya barabara ya Lodwar, jua kali, bintiye Amuria mgongoni akiwaka homa, akalipungia lori mkono. Ethuro alimwona vizuri. Hakuogopa majambazi, wala hakuna aliyemkataza kubeba watu. Alinieleza mwenyewe, bila kujitetea, kwamba asubuhi ile alikuwa amechoka kuombwa lifti. Akakanyaga mafuta. Amuria alifia palepale barabarani kabla gari jingine halijapita.

Ethuro alikiri kanisani. Mchungaji akamwita Akeno mbele, akauchukua mkono wake akauweka ndani ya mkono wa Ethuro, na mama akasema, "Nimesamehe." Watu wakapiga makofi. Nilikuwepo, na makofi yale yananiudhi hadi leo. Mbele ya kanisa zima, maskini angesema nini kingine? Tangu hapo Akeno alimwomba kila dereva aliyeingia langoni, na hata mimi mkimbizi aliniomba. Penye dirisha la Ethuro alipita kana kwamba lori halina mtu.

Nilimwambia Ethuro ampelekee tu tumbako yenyewe, yaishe. Akakataa katakata.

"Kanisa ilimlazimisha mara moja. Mimi sitamlazimisha tena."

Basi akaendelea kungoja na kuomba Mungu, na mvi zikamjaa kichwani. Nilimhurumia mno.

Mwaka 1999, Jumanne moja ya Juni, Akeno alikuja akasimama chini ya dirisha la lori. Kilichombadilisha sikijui, maana hakusema na mimi sikuthubutu kumwuliza. Alinyoosha mkono.

"Ethuro. Wewe nipe tumbako."

Fungu lilikuwa mbele ya macho yake, lakini mzee alipapasa kila mahali kabla ya kulishika. Akampa lote. Akeno alinusa, akakunja uso.

"Hii imekauka. Na ni kidogo. Wewe ni mchoyo."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa mchoyo."

Akeno alitia kipande shavuni, akatafuna taratibu. "Unarudi Lodwar saa ngapi?"

"Saa nane."

"Utabeba mimi. Na ukifika pale kwa Amuria, simamisha gari."

Ethuro alishuka kumfungulia mlango huku machozi yakimtiririka, na mimi nikajifanya nahesabu magunia.

Yaliyobaki alinisimulia wiki iliyofuata. Walipofika pale alisimamisha lori, akazima injini. Hakuna aliyeshuka. Walikaa humo, upepo ukipiga vumbi kwenye kioo. Kisha Akeno akajifuta uso kwa shuka lake.

"Sasa endesha," akamwambia. "Tukifika Lodwar utanunulia mimi sukari."