Tate Zaina Aliona Maji

Nakumbuka Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini, sisi tuliojua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Nasema "enzi zetu" na ni miaka ishirini tu imepita, kichwa changu bado hakina hata mvi moja, mnicheke tu. Mchanga wa pwani ulichoma nyayo, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wameanikwa kila mahali, na sisi watoto tunawadokoa wakiwa nusu wakavu. Mama alikuwa hatuulizi kitu. Alinusa midomo, basi, kesi imekwisha.

Na kila kitu kilikuwa na maana yake. Jicho la kulia likicheza, mgeni yuko njiani. Ukijikwaa mguu wa kushoto, rudi nyumbani. Mimi nilijikwaa huo wa kushoto kila siku ya hesabu, mpaka Baba akasema, "Mguu yako inajua kalenda kupita mwalimu!" akanirudisha masomoni na kifimbo nyuma.

Kwa mambo makubwa tulikuwa na Tate Zaina, bibi kizee aliyepiga ramli kwa kurusha maganda ya konokono wa ziwani ndani ya ungo. Mwaka ule mwenye jambo kubwa alikuwa yaya Mwamini, dada yangu. Mchumba wake, Wilondja, alikuwa amepanda mtumbwi kwenda Albertville, mji wa kusini mwa ziwa, kutafuta kazi, na kiangazi cha pili kilikuwa kinakwisha bila barua. Mwanamume mmoja mjane wa Fizi, kule milimani, mwenye sauti nzito na mbuzi wengi, akaanza kuja kumsalimia Baba mara nyingi kuliko kawaida, mwishowe akamposa yaya. Baba akamwambia yaya, "Mvua ya kwanza ikinyesha, nitamujibu ule muntu."

Yaya hakula bugali siku hiyo. Asubuhi akabeba kuku, akanishika mkono, tukaenda.

Tate akarusha maganda yake. Akamtazama yaya usoni muda mrefu kuliko alivyotazama ungo.

"Naona maji," akasema. "Maji mingi. Na muntu iko anakuja. Mungojee."

Nikashindwa kunyamaza. "Tate, hapa Baraka na hii ziwa yote, nani haone maji?"

Yaya akanifinya. Tate akacheka na meno yake mawili. "We mutoto, siku utapenda, utaona na we."

Mpaka leo nasema, angekuwa anakaa kule juu Bibokoboko kwa wafugaji, angeona ng'ombe.

Baba aliposikia, yeye mwimbaji wa kanisani, alipiga makofi ya kucheka. "Zaina aliona kuku. Ingine yote ni maneno!" Kila mtumbwi ukitia nanga, yaya yuko pale na ndoo mkononi, na nyumbani maji yamejaa.

Kisha mvua ikanyesha. Mjane akashuka kutoka Fizi, viatu vina matope, kuja kuchukua jibu. Baba akatoka nje, akanyoosha kiganja, akatazama juu.

"Hii si mvua," akasema. "Ni mawingu inatema mate."

Wiki ya pili paa letu lilivuja mpaka kwenye chungu cha sombe, majani yetu ya muhogo. Baba akasema huo ni umande. Mama akageuka ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Wiki ya tatu mjane akachoka, akaenda kusalimia nyumba nyingine.

Mvua ilipokuwa imezoeleka, Wilondja akafika. Hakutoka ziwani. Alikuja kwa miguu, kwa barabara ya Fizi, amekonda kwa malaria, amelowa kama kifaranga.

"Unaona?" yaya akaniambia huku analia. "Tate alisema!"

"Alisema ziwa!"

"Alisema maji. Ziwa ni we ulisema."

Ramli ilikosea, sisi wenyewe tukaishona mahali ilipopasuka, tukaivaa.

Wasichana wa siku hizi wanacheka ushamba wetu. Halafu wanajifungia chumbani na gazeti lenye ukurasa wa nyota, nyota moja kwa watu wa dunia nzima, haijui hata jina la mama yako! Zamani ulienda na dada yako, ukachekwa na jirani, na mji mzima ukangojea pamoja nawe. Siku hizi kila mtu anangojea peke yake.

Juzi niliwatania sana juu ya hilo gazeti. Kisha, Mungu anisamehe, nikaomba wanisomee na yangu. Ikasema nitapata habari njema. Lilikuwa gazeti la mwaka jana, lakini nilitembea kutwa nzima nikitabasamu.