Mama na Fimbo Mbili kwenye Kilima cha Harrow

Nta ya skii ikiyeyushwa kwa pasi hutoa harufu iliyo kati ya mshumaa uliozimwa sasa hivi na utomvu wa msonobari. Katika nyumba yetu ya Harrow harufu hiyo ilikaa jikoni pamoja na ya iliki na vitunguu vya kukaanga, ikaingia kwenye mapazia na hata kwenye sweta yangu ya shule. Jumamosi asubuhi Baba alitandika magazeti mezani, akazilaza chali skii mbili, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, akapitisha pasi kuukuu juu yake taratibu kama anayenyoosha kanzu ya Idi, huku Mama akikwangua nta iliyozidi kwa kipande cha plastiki. Hazikuwa skii zile za kushuka mlimani kama jiwe lililoporomoka. Zilikuwa skii za masafa, nyembamba na nyepesi, ambazo mtu huzitumia kupanda, kushuka na kujisukuma kwenye tambarare kilomita baada ya kilomita kwa nguvu za miguu na mikono yake mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliamini kwamba hakuna nyumba nyingine ya Waswahili katika London nzima iliyonuka hivyo. Nadhani sikukosea.

Mama yangu, Zuwena, alitoka Unguja miezi michache baada ya Mapinduzi, akiwa na miaka kumi na tisa, sanduku moja, na barua ya kukubaliwa kusomea uuguzi. Alidhani anakuja London. Barua ilimpeleka Uskoti, kwenye hospitali ndogo iliyozungukwa na milima, ambako theluji ya mwaka wake wa kwanza ilifunga barabara kwa siku tisa. Wagonjwa waliokuwa majumbani walihitaji dawa na sindano, na magari hayapiti. Muuguzi mkuu, mwanamke wa makamo aliyezaliwa palepale milimani, alimfunga Mama skii miguuni, akamkabidhi fimbo mbili, akamwambia amfuate. Kwa kauli yake mwenyewe, Mama alianguka mara arubaini kabla ya kufika nyumba ya kwanza. "Mie sikuzianza kwa mchezo," alipenda kusema. "Nilizianza kwa kuwa kulikuwa na mzee anangoja dawa." Baada ya miaka miwili alikuwa akishindana na wenyeji. Kisha akaolewa na Baba, Mzanzibari mwenziwe aliyekuwa karani wa posta, wakahamia Harrow, nikazaliwa mimi, na skii zikapandishwa darini. Zilikaa huko miaka saba. Siku alipozishusha, Baba aliniambia baadaye, alikuwa ametoka wodini ambako mgonjwa wa umri wake alikuwa amefariki. Hakuvua hata viatu vya kazi. Alichukua ngazi akapanda.

Tangu siku hiyo alikwenda Uskoti kila majira ya baridi kwenye mashindano ya taifa ya wanawake. Mwaka wa kwanza alikuwa wa tisa, mwaka wa pili wa nne, kisha akawa wa pili mara mbili mfululizo, nyuma ya msichana mmoja aliyeitwa Morag, ambaye alikuwa mdogo kwa Mama kwa miaka kumi na moja na alizaliwa kwenye theluji. Msimu ninaousimulia ulikuwa wa tano. Mama alikuwa na miaka thelathini na tatu, na alikuwa amempa Baba ahadi mbele yangu, mezani, bila kupandisha sauti: "Mwaka huu ndio wa mwisho. Nikishindwa, zinarudi darini na sitaziulizia tena." Baba hakumwomba ahadi hiyo. Nadhani Mama aliitoa ili ajifungie mlango wa nyuma.

Harrow haina theluji ya kutosha kumfunza mtu chochote, kwa hiyo Mama alijizoeza kwa skii fupi za magurudumu. Akitoka zamu ya asubuhi alivaa suruali ya mazoezi, sweta ya Baba na ushungi alioufunga kwa nyuma, akashuka barabara yetu hadi kwenye kilima chenye shule na kanisa, akakipanda na kukishuka hadi magurudumu yapate moto. Ncha za fimbo ziligonga lami tak, tak, tak, na sauti hiyo ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Watu walisimama. Madereva walipunguza mwendo, wengine wakapiga honi. Mzee Jayant, baba wa rafiki yangu Daksha, mwenye duka karibu na kituo cha treni, alitoka na aproni yake akamwita kwa Kiswahili cha Mombasa alikozaliwa, "Mama Rukia, leo mara ngapi?" Mama alijibu bila kusimama, "Kumi na mbili," naye akasema, "Mungu akupe pumzi," akarudi kwa wateja wake. Ni yeye peke yake niliyemsikia akimsemesha Mama kuhusu jambo hilo kana kwamba ni kazi kama kazi nyingine.

Shangazi Mwanaisha, dada yake Baba, hakuwa hivyo. Alikuja kila Jumapili kutoka Barking kwa treni mbili, akakaa sebuleni na kikombe chake cha chai ya maziwa. "Mke wa mtu, mama wa mtoto, na fimbo mbili barabarani kama mchunga mbuzi," alisema. "Watu wananiuliza, Zuwena. Niwajibu nini?" Mama aliendelea kumenya viazi. "Wajibu nafanya mazoezi, wifi." Shangazi akatikisa kichwa. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Mama akacheka kidogo, akasema, "Basi nami nautafuta huo ukingo niuone." Baba alijifanya anasoma gazeti. Mimi nilikuwa kwenye zulia na daftari la hesabu, na ukweli ninaopaswa kuuandika hapa ni kwamba nilikuwa upande wa Shangazi.

Nilikuwa nimeanza shule mpya mwaka huo, na mtoto wa miaka kumi na moja katika shule mpya hutaka jambo moja tu, kufanana na wenzake. Jina langu lilikuwa tayari limenitenga, na chakula changu pia. Alasiri moja ya mwezi wa Novemba nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha basi na wasichana watatu wa darasa langu, ambao ndiyo kwanza walikuwa wameanza kunikaribisha kwenye mazungumzo yao. Nikaisikia tak, tak, tak kutoka juu ya kilima. Mama alikuja akishuka ameinama, ushungi umelowa manyunyu, mvuke ukimtoka kinywani. Mmoja wa wasichana wale aliangua kicheko, akaniuliza kwa Kiingereza kama namfahamu yule mwanamke, maana aliwahi kumwona karibu na mtaa wetu. Nikasema, "Simjui." Nilisema kwa sauti, kwa kuwa magari yalikuwa yanapita. Wakati huo Mama alikuwa amefika mbele yetu, umbali wa mkono. Alinitazama usoni mara moja. Kisha akaweka macho mbele, akasukuma fimbo zote mbili kwa pamoja, akapita. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona.

Nilichelewa kurudi nyumbani makusudi. Nilimkuta anasonga ugali, akaniuliza nina kazi za shule kiasi gani, akanipakulia. Jambo la kituoni hakuligusa, usiku ule wala kesho yake. Lakini kuanzia wiki iliyofuata sikuisikia tena ile sauti kilimani. Siku moja nikamuuliza Baba kwa mzunguko kama Mama ameacha mazoezi. "Ameacha? Siku hizi anakwenda mpaka Stanmore," alisema. "Kwenda na kurudi ni maili nyingi, lakini anasema kule kilima ni kirefu." Hakujua zaidi ya hapo. Mimi nilijua. Nililala nikihesabu taa za barabarani kutoka kwetu hadi Stanmore, na katika kila taa nilimwona anapita peke yake kwenye baridi, na miguu imechoka kwa kusimama wodini tangu alfajiri, ili mimi nisionwe naye. Mara kadhaa nilimwendea jikoni nimwombe radhi. Mara zote nilimaliza kwa kuomba chai.

Mwezi wa Februari tulipanda treni kwenda Uskoti sote watatu. Sijawahi kuona weupe kama ule. Theluji ilikuwa imefuta ua, mawe na barabara, na miti ya misonobari ilisimama ndani yake kama watu waliochelewa mkutano. Washindani walikuwa ishirini na kitu, na mashindano yalikuwa ya kilomita kumi, mizunguko miwili ndani ya msitu. Hawakuondoka pamoja. Kila mmoja aliachiwa peke yake, nusu dakika baada ya mwenziwe, na mshindi angekuwa mwenye muda mfupi kuliko wote. Mama alipewa namba kumi na nne. Morag alipewa kumi na tano, nyuma yake kabisa. Baba alinieleza mara mbili ili nielewe: kama Morag akimaliza sekunde chini ya thelathini baada ya Mama, basi amemshinda. Zikizidi thelathini, Mama ndiye bingwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewakaribia wao wawili. Kisha akavua saa yake ya mkononi tuisome pamoja.

Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, Mama alipita mbele yetu midomo imekauka, na Morag akapita nyuma yake sekunde ishirini na mbili tu baadaye. Baba akaitazama saa: Morag alikuwa mbele kwa sekunde nane. Walipotokea tena ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko wenye kona kali, niliona namba kumi na nne ikiyumba, skii moja ikatoka kwenye mfereji uliochongwa thelujini, na Mama akaanguka kwa ubavu, theluji ikamfunika hadi kifuani. Nilisikia watu wakiguna. Baba alisema kwa sauti ndogo, "Zuwena, inuka," kama vile yuko chumbani naye. Aliinuka. Mpando wa mwisho ulikuwa mrefu, ukielekea palepale tulipokuwa tumesimama, na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwa nimekielewa nyumbani: Mama hakuwa na ustadi kama wa Morag kwenye mteremko, wala kwenye kona, lakini kwenye mpando hakuna aliyekuwa kama yeye. Wengine walipanda wakihema na kusitasita. Yeye alipanda kama mtu anayepeleka dawa. Usione vyaelea, vimeundwa, na mpando ule uliundwa Stanmore.

Alivuka mstari akaanguka kifudifudi. Baba alianza kuhesabu. Kwenye kumi Morag alikuwa katikati ya mpando. Kwenye ishirini akakaribia, kichwa chini, fimbo zikipiga haraka. Ishirini na tano. Nilitaka kufumba macho, nikakataa. Thelathini, akasema Baba, na msichana yule alikuwa bado hajafika. Thelathini na moja, mbili, tatu, nne, ndipo akavuka. Mama aligeuka chali, uso umejaa theluji, akamuuliza Baba, "Ngapi?" Baba akaonyesha vidole vinne. "Zatosha," akasema Mama.

Kwenye treni ya kurudi, Baba alipolala, nilisema nilichokuwa nimekibeba miezi mitatu. Nilisema kwa Kiswahili, ingawa siku hizo nilikuwa nimezoea kumjibu kwa Kiingereza. "Mama, siku ile kituoni nilisema sikujui."

"Nilisikia."

"Ndiyo maana ukaenda Stanmore?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Ndiyo. Sikukukasirikia, lakini iliniuma, na mtu aliyeumwa hawezi kupanda vizuri. Nikatafuta mahali ambapo nitafikiria miguu yangu tu." Akanifunika koti lake. "Mtu akikuonea haya, Rukia, huwezi kumlazimisha akuonee fahari. Unaendelea na kazi yako. Akija, anakukuta kazini."

Aliutetea ubingwa huo mwaka uliofuata, akashindwa mwaka wa tatu, akaurudisha wa nne, kisha goti likagoma naye akastaafu bila sherehe. Aliendelea na uuguzi hadi nywele zikawa nyeupe. Shangazi Mwanaisha, kwa taarifa, ndiye aliyelitia fremu gazeti lenye picha ya Mama. Mama sasa anakaribia miaka themanini, anaishi na mimi, na goti lake limebadilishwa. Mtaalamu wa viungo alimwagiza apande ngazi sita kwa siku. Siku ya tatu nilimkuta juu kabisa, ameshika ukuta, ananiuliza kama nyumba hii haina ghorofa nyingine.

Nikitazama Harrow ya leo, naona wanawake wenye hijabu wakikimbia kwa makundi asubuhi, viatu vyao vya rangi kali, wakicheka, na hakuna dereva anayepunguza mwendo kuwatazama. Binti yangu ni mmoja wao. Nafurahi kwamba njia yao ni nyepesi, na sitamani hata kidogo irudi ilivyokuwa. Lakini ninapopima zama zile na hizi, najua kwamba barabara haikujisafisha yenyewe. Kuna waliopita peke yao kila mtu akiwakodolea macho, wakaendelea kupita mpaka macho yakachoka. Mama alikuwa miongoni mwao. Na mimi nilikuwa miongoni mwa macho.