Kamba ya Katani na Kikombe cha Sharifa

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya kaseti ikirudishwa nyuma kwa kalamu, krr, krr, krr, mama akiizungusha taratibu barazani kwetu Mkunya ili asimalize betri. Betri zenyewe tulikuwa tukizianika juani pamoja na korosho zipate nguvu tena. Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara zimefunguliwa, wafanyabiashara wanapanda Newala na mitumba, sabuni za kunukia na redio kaseti, na baba akabadilisha sehemu ya korosho zetu kwa redio moja nyekundu. Mimi nilikuwa darasa la nne, nikadhani sasa tutacheza muziki kama wengine. Kumbe ililetwa ili tumsikilize mwanamke mmoja wa Lulindi.

Mwanamke huyo alikuwa muuguzi aliyesomea watoto wa aina ya mdogo wangu Sharifa. Siku hizi tunasema usonji, lakini wakati huo hatukuwa na neno, tulikuwa na hofu tu. Sharifa alikuwa na miaka sita na hakuwa akisema. Ngoma ikilia mtaa wa pili, au wageni wakiingia kwa pamoja, alipiga kelele, akajing'ata mkono na kugonga kichwa ukutani, kisha akachomoka mbio bila kuangalia mbele. Nilimwogopa, na zaidi ya hapo nilimwogopea. Wakati wa kuokota korosho kila mtu alihitajika shambani, na baba alikuwa amekwisha kununua kamba ya katani, ameitundika nyuma ya mlango. Alisema kwa sauti ya chini, wala hakuwa na hasira, kwamba Sharifa akipotea au kuumia mara moja tu, atafungwa kwenye nguzo ya baraza mpaka msimu uishe. Kila nilipoingia ndani niliitazama ile kamba kwanza.

Mama alimpeleka Lulindi mara moja tu. Sharifa alipiga kelele ndani ya lori njia nzima, wakafika wote wamechakaa, na yule muuguzi akasema asiletwe tena, yeye atatuma sauti. Ndipo kaseti zikaanza kupanda na kushuka kwa dereva wa lori aliyekuwa akipitia Masasi. Upande mmoja alisema yeye, upande wa pili mama alimweleza yaliyotokea. "Mama, akianza, punguza maneno," ile sauti ilituambia. "Aseme mtu mmoja tu. Usimkamate kwa nguvu. Ukitaka jambo, mwonyeshe kitu chake, kikombe kwa maji, kanga kwa kulala, halafu subiri. Akifuata, msifu palepale." Mwanzoni Sharifa alikirusha kikombe uani. Mama alikiokota, akangoja, akakionyesha tena, mpaka siku moja akakipokea mwenyewe.

Tatizo lilikuwa majirani. Kwetu mtoto akipiga yowe hakuna anayeuliza ni wa nani, watu huacha majembe wakaja mbio, na kundi hilo la wema ndilo lililomtia Sharifa wazimu zaidi. Muuguzi akasema wasije. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliomba. "Mama Zuhura, mtoto alie sisi tukae tu?" Mama Issa wa jirani alimuuliza. "Watu watatuonaje?" Mama akajibu, "Nisaidieni kwa kukaa, dada yangu." Wakakubali shingo upande. Mimi nilibaki na woga mpya, kwamba sasa tuko peke yetu.

Siku yenyewe wazazi walikuwa shambani na mimi nilikuwa natwanga. Nilisikia "uu", kisha "uu" nyingine ya mbali. Nilipogeuka, bati la kufunikia kisima cha maji ya mvua lilikuwa limesogezwa, na Sharifa ameketi ukingoni, miguu inaning'inia ndani, anaita ili sauti yake imrudie. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, maji yamebaki kidogo chini kabisa. Yowe likanifika kooni. Nikakumbuka kwamba hata nikipiga hakuna atakayekuja, na kwamba yeye akishtuliwa hukimbilia mbele. Nikalimeza. Nikachukua kikombe chake mtungini, nikaketi chini mbali kidogo, nikakiinua. "Maji," nikasema, basi. Aliita tena ndani ya kisima. Haja ndogo ikanitoka pale pale. Hatimaye akakiona, akavuta mguu mmoja, na ndala ikamponyoka. Tuliisikia wote wawili ilipopiga chini. Kisha akaja, akashika kikombe. "Vizuri, Sharifa," nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu.

Jioni niliwaeleza yote. Baba akaingia ndani akatoka na kamba. Mama akasimama mbele ya Sharifa. "Baba Zuhura, nakuomba." Baba akampita, akaenda kisimani, akarudisha bati na kulifunga kwenye vyuma vya ukingoni, akizungusha na kukaza mpaka kamba ikaisha. "Kazi yake ni hii," akasema, akaenda kunawa.

Sasa naishi Masasi, na nawaona akina mama wa watoto kama Sharifa wakifundishwa kwa simu. Sauti inamfikia mama ndoo ikiwa bado kichwani, na unaweza kuuliza ukajibiwa papo hapo. Nafurahi, na wivu kidogo ninao. Mama yangu alisubiri lori. Lakini hofu ya ukingo ule haikuniacha, maana tangu siku ile nikiogopa sauti hainitoki. Mwanangu akichelewa kurudi, mimi husimama mlangoni kimya, na watoto wangu huamini mama yao hana woga. Sharifa, ambaye ninaishi naye na mpaka leo hasemi, hadanganyiki. Akiniona nimenyamaza namna ile, huchota maji, akaniletea kikombe, akaketi chini mbali kidogo, akasubiri.