Hita ya Mwenyekiti

Asubuhi Mwenyekiti wa Mtaa alipoonekana amelala ubavu chini ya maji, Bwana Khuê alikataa uji.

Mwenyekiti alikuwa samaki. Mwekundu, na juu ya macho ana nundu kama mtu aliyekula rungu. Jina alipewa na Bwana Khuê mwenyewe, enzi ana ulimi: kichwa kikubwa, tumbo mbele, anazunguka kutwa na kazi yake haionekani. Kisha kiharusi kikamchukulia Bwana Khuê ulimi, mikono na miguu, kikamwachia macho na mguno mmoja wa kooni. Mkewe, Bi Thược, akasogeza kitanda mbele ya tangi la kioo. Tangu siku hiyo mambo yalikwenda hivi: Mwenyekiti akila, mzee anafungua mdomo. Mwenyekiti akisusa, kijiko kinagonga meno.

Na Hanoi wiki ile ilikuwa na baridi ya kumvalisha mtu koti kitandani. Hita ya tangi, ile ya kumpashia samaki maji, kwa adabu zake ikachagua wiki hiyohiyo kufa.

Kwenye mambo ya hita Bi Thược hakuwa mshamba. Miaka nenda rudi alimsikia mumewe akihubiri: "Usinunue moja kubwa, nunua mbili ndogo. Moja ikifa, mwenzake anashikilia. Moja ikigoma kuzima, haina ubavu wa kukuchemshia samaki. Lakini hiyo kubwa ya bei poa ikigoma kuzima, we katia tu tangawizi." Pesa ya ndogo mbili alikuwa nayo, kwa kujibana. Akaacha sufuria zake za tambi za konokono za biashara zikimsubiri, akakimbilia maduka ya samaki wa mapambo. Yote yalikuwa yamefungwa, isipokuwa la kijana mmoja aitwaye Quyền.

"Karibu shangazi! Wewe ndiye unayenifungulia siku. Mkono wako uwe mwepesi!"

Bi Thược akajua amekwisha. Mteja wa kwanza hubeba bahati ya muuzaji ya kutwa nzima. Akiuliza bei kisha akaondoka mikono mitupu, ameacha kisirani dukani. Yeye mwenyewe juzi tu alichoma karatasi, kufukuza nuksi, nyuma ya mwanamke aliyepapasa konokono wake na kwenda zake, akamsindikiza na tusi moja la kupashia njia moto.

"Nataka hita mbili ndogo," akasema.

"Ndogo zimeisha, shangazi. Baridi hii hadi samaki wa maskini wamejua kudeka. Chukua hii, wati mia tatu. Inajizima yenyewe, na bei ni ya ndogo moja."

"Imetengenezwa na nani?"

"Kiwanda."

"Kiwanda gani? Mbona haina hata jina?"

"Shangazi, unapasha maji au unaoza binti?"

"Tangi langu dogo, mwanangu."

"Basi litapata moto upesi. Umeokoa umeme."

Upande wa pili wa barabara mlango wa chuma ulianza kupandishwa. Nyuma ya kioo Bi Thược akaziona hita ndogo, zimening'inia kwa safu kama soseji.

"Ngoja nitupe jicho pale, narudi sasa hivi."

Uso wa Quyền ukazima. Hakutukana. Alivuta gazeti la zamani, akachana kipande, akakiweka mezani karibu na kiberiti.

"Nenda tu, shangazi. Miguu ni yako. Siku ndiyo yangu."

Angekuwa mteja wa pili, angevuka barabara. Alilipa.

Nyumbani taa nyekundu ya hita iliwaka. Haukupita muda Mwenyekiti akasimama, akatikisa mkia, akameza punje ya chakula. Bwana Khuê akafungua mdomo, akamaliza bakuli.

"Haya, wazee mmeridhika," Bi Thược akawaambia wote wawili, akaenda kuuza tambi zake.

Katikati ya asubuhi jirani yao, Bi Nhạn, akaingia kumgeuza mgonjwa, kama kawaida yake. Bwana Khuê akaguna.

"Heee, shemeji! Leo tuna sauti!"

Akaguna tena, macho yamemtoka, yanakwenda kwenye tangi na kurudi. Bi Nhạn akafuata macho, akaweka viganja kwenye kioo.

"Mama yangu! Kumbe nyie mnaishi kwenye joto kama watu wa kusini, halafu mmenyamaza!"

Akajipasha moto viganja, akageuza na migongo ya mikono. Kisha akamlaza Bwana Khuê ubavu, uso kwenye tangi, akamwekea mto mgongoni asirudi nyuma, apate kumwona vizuri rafiki yake. Akaenda zake.

Bi Thược aliporudi mchana kioo kilikuwa kinatoka jasho. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Nyumba ilinuka mchuzi. Mwenyekiti alikuwa anaelea, macho meupe, na mumewe hakuwa na sauti tena hata ya kuguna. Alichomoa waya, akaketi sakafuni.

"Mimi nilidhani anachekelea," Bi Nhạn akasema mlangoni.

"Hata mimi ningedhani hivyo." Ulikuwa uongo, wote wawili walijua.

Dukani hakurudi. Angesema nini? Siku ya Quyền bila shaka ilikwenda vizuri.

Majirani wakachanga, Bi Nhạn akaleta samaki mwingine, mwenye paji la kuridhisha, na hita ndogo mbili. Bwana Khuê hakumtazama samaki. Alitazama taa za hita. Zikiwaka, jasho linamtoka; zikizima, anasubiri ziwake. Bi Thược akazifunika kwa plasta nyeusi. Mzee akaendelea kutazama plasta, na kijiko kikaendelea kugonga meno. Akampa Bi Nhạn tangi na vyote vilivyomo, akageuza kitanda kikaelekea ukutani.

Muuguzi wa kata akaja kupitisha mpira wa kulishia puani mwa mgonjwa, akamfundisha Bi Thược kusukuma uji kwa bomba la sindano.

"Umeona? Sasa anakula vizuri."

"Anakula?" Bi Thược akasema. "Huyu anajazwa."

Akalipokea bomba, akasukuma polepole kama alivyoelekezwa.