Harusi ya Samaki Bila Kambare

Fuljan alichora mabirika, na kwa hilo wifi yake Jorina hakumsamehe. Mwanamke wa ukoo wa wachoraji, ambaye babu zake walitembea kijiji hadi kijiji wakikunjua picha na kuziimba, eti leo amekaa kibandani kwenye uwanja wa tamasha Kolkata, birika la bati mapajani, analipaka bundi! Na watu wa mjini, kwa kuwa wa mjini hawana haya, walipanga foleni kununua bundi.

Jorina alikaa nusu ya pili ya kibanda hichohicho, akibinua mdomo. Yeye alikuwa na kitu kimoja tu cha maana: picha ya Harusi ya Samaki, ndefu kuliko kitanda, rangi zake za masizi ya taa, manjano na maua, mgongoni imebandikwa sari kuukuu isichanike. Picha ya namna hiyo hukunjuliwa polepole, kidole kikionyesha, mdomo ukiimba. Dagaa anaolewa, perege wanapiga ngoma, kamba wamevaa vilemba, wali unaliwa. Chini kabisa kambare ambaye hakualikwa anapanua kinywa na kuwameza wote, akianzia na bibi harusi. Huko vijijini, ambako kila mtu alimjua kambare wake, awe mkopeshaji au mwenye shamba, wimbo mzima ulivumiliwa kwa ajili ya hapo tu.

Mwaka jana alirudi nayo nyumbani haijauzwa. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba nafasi yake apewe mpwa wa Fuljan, mchora miavuli. Akirudi nayo tena, tamasha atalisikia kwa watu. Alilijua hilo, na bado alikuwa amemwapia wifi yake kwamba kuliko kuuza vitu vya mchezo kama yeye, bora afe njaa.

Siku ya mwisho, umande ulipokauka, akaja mama mmoja wa shali ya bei, simu mkononi. Binti yake alikuwa anaolewa. Akaisifu picha, akasema inafaa sana kwa zawadi, isipokuwa pale chini.

"Hilo jisamaki likate," alisema. "Nani anapeleka balaa harusini? Ukilitoa nakupa bei yako, sibishani."

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini Jorina alijaribu. Kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, alimweleza kwamba bila kambare hakuna kisa, ni samaki tu wanakula wali.

"Ndiyo ninachotaka, dada. Samaki wanakula wali."

Fuljan hakuinua hata macho. "Mama, akikataa sogea huku. Nitakuchorea mimi, na kambare hutamwona hata mkia."

Jorina alikuwa na matusi ya kumtosha kila mmoja wao. Badala ya kuyatoa, akasikia mkono wake unapapasa mkasi chini ya mkeka. Sari ya mgongoni ilikuwa ngumu, ikabidi akaze meno. Akakata.

Mama yule sasa akataka wimbo, apige video. Jorina akaimba, na watu wakasogea. Dagaa akavishwa, ngoma zikalia, wali ukapakuliwa, kisha kidole kikafika pale karatasi ilipoishia, na sauti ikaishia hapohapo. Alisubiri mtu mmoja tu, hata mlevi, aulize kisha ikawaje. Hakuna aliyeuliza. Walipiga makofi. Mama wa shali alifuta machozi, mjinga yule, akasema hajawahi kusikia kitu kitamu hivyo. Jorina aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini makofi ni matamu, na mwili wake ukainama wenyewe kuyapokea.

"Ulichelewa tu, wifi," Fuljan alisema, bila ubaya, akichovya brashi.

Mama alipoondoka na picha yake kwapani, bwana mmoja mwenye miwani akabaki kibandani. Akauliza kama anaweza kuchorewa nyingine ya harusi kama ile.

"Hata leo hii, kaka," Jorina akadakia, kabla hajamaliza. "Tena haina kambare."