Ukingo Nilioukata kwa Mkasi

Nilikuwa na studio ndogo Wete, na mwaka ule nilikuwa hoi. Harusi, picha za vitambulisho, watoto wanaolia mbele ya kamera. Ndipo shangazi yangu wa Wambaa akaniletea salamu, niende nikampigie picha mkono wa bahari ulio mbele ya nyumba yake. Jicho lake moja lilishakufa kwa mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa njiani.

"Vya mbali sivioni tena," aliniambia nilipofika. "Lakini kitu nikikileta puani nakiona. Nataka niyatazame maji yangu kabla hili nalo halijanitupa."

Nikapiga bahari ikiwa imejaa, shwari, na nguzo za kufungia vidau zimesimama na vivuli vyake majini kama kwenye kioo.

Nilipoisafisha picha, nikaona ukingo wa ng'ambo wenye mikoko umeinamia kulia. Aibu gani hii! Fundi mzima, bahari imelala upande! Nikashika mkasi, nikaikata karatasi kwa mshazari mpaka ukingo ukanyooka. Nikarudi Wambaa, basi kisha miguu, jua la utosi.

Shangazi akaikurubisha puani. Maisha yake yote alikuwa msuka mikeka. Akachomoa uchane mmoja wa ukindu, akaulaza kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kivuli chake.

"Mwanangu, maji haya yamwagika."

"Shangazi, ukingo umenyooka kabisa!"

"Ukingo wa nini? Ule waenda zake mbali, lazima uonekane umeinama. Tazama nguzo na kivuli chake, vyalala upande vyote. Ungekuwa mkeka ningeufumua."

Nilikasirika, wallahi. Nimekuja kwa miguu, nifundishwe kazi na mtu wa jicho moja! Nikasema nitaitengeneza, nikaondoka bila hata kunywa chai. Harusi zikaja, homa ikaja, picha nikaitupa mvunguni, miezi ikapita. Nilijua ananingoja. Nilichoka tu, sina neno jingine.

Siku nilipoishika tena ile filamu, niliisafisha picha nzima bila kuikata, nione kosa liko wapi. Nikaweka rula kwenye nguzo. Wima. Kivuli nacho wima. Picha ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Aliyeipinda ni mimi, kwa mkasi wangu.

Nikaipeleka. Nilimkuta barazani anasuka kwa vidole tu, uso kauelekeza kwingine. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akaipokea picha, akaileta puani kwa mazoea, kisha akaishusha mapajani.

"Maji yametulia?"

"Yametulia, Shangazi."

"Ulirudi kupiga nyengine?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Hapana. Ni ileile. Ilikuwa sawa, nikaikata mie."

Akapitisha kidole pembezoni mwa karatasi, pembe hadi pembe, taratibu.

"Basi ungeniletea vilevile siku ile," akasema. "Ningeiona."